Ng'ambo ya Nassa

Basi letu lilikatika ekseli asubuhi, tukiwa hatujafika mbali kutoka Bariadi. Tulikaa kando ya barabara mpaka saa nane mchana, lori la mnunuzi binafsi wa pamba lililokuwa likienda Nassa likatuokota. Tangu wanunuzi hao waruhusiwe kushindana na vyama vya ushirika, magari yalikuwa mengi, na mengi yalikuwa yamesimama njiani kwa ubovu.

Nilikaa juu ya magunia karibu na mama mmoja wa kijiji cha Kimali, Kabula, aliyekuwa njiani kwa siku ya pili. Mkulima aitwaye Mayige alimwita mama kwa Kisukuma, akamuuliza, "Mayu, Nassa unamfuata nani?"

"Ziwa," alijibu. "Mama yangu alizaliwa huko. Alisema maji yake hayana ng'ambo. Watu wa Kimali wakamwita mwongo mpaka akafa."

"Ng'ambo ipo. Mimi nimevuka kwa mtumbwi."

"Wewe ulivuka, baba. Yeye aliondoka akiwa mtoto."

"Basi alikosea."

"Kukosea si uongo."

Pamba ilikuwa laini, nami nikasinzia, nikazinduliwa na upepo wenye harufu ya samaki.

Lori lilisimama ufukweni. Maji yalikwenda mbali, yakaingia kwenye ukungu mweupe, na mbingu ikaanzia humo humo.

"Iko kule," Mayige alinyoosha kidole. "Ukungu ukiondoka utaiona."

Kabula alishuka, akavua kandambili, akaingia majini mpaka magotini.

"Usiondoke kwanza," nilimsikia akiuambia ukungu.