Wimbo Nilioumeza na Vidonge

Mwangaluka, ndugu zangu. Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Mmeniomba niseme jinsi nilivyonasuka kwenye vidonge vya usingizi, nami nitasema yote. Ila tusidanganyane: sikusimama hapa kutangaza kwamba nimesamehe. Anayengojea neno hilo ajitafutie kigoda, atakaa sana.

Mnanijua, mimi ni manju. Baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma yanaposhindana uwanjani, mimi ndiye ninayetunga na kuimba ili watu wauache upande wa pili waje kwangu. Pamba ilinilisha, lakini sauti ndiyo iliyonipa jina.

Nilikuwa na mpiga ngoma. Simtaji. Nilimfundisha mwenyewe tangu mikono yake ilipokuwa haijui kupiga hata debe. Mwaka ule ushirika ulikuwa umelegea, malori ya wanunuzi binafsi yakawa yanagombania pamba yetu hapa Bariadi hadi kule Maswa. Watu wakaanza mchezo mnaoujua. Msicheke, mnaujua! Maji kidogo, mchanga kidogo, gunia lizidi uzito. Mimi sikuucheza. Naapa kwa kaburi la mayu aliyenizaa, sikuucheza.

Mpiga ngoma wangu alikuja kunisaidia kushona magunia. Kesho yake kituoni, mnunuzi alimwaga gunia langu kwenye turubai, kijiji kizima kikitazama. Pamba ilitoka nyeupe, kisha mchanga ukaifuata, taratibu, kama mtu anayecheka chini chini.

Wiki haikwisha, kijana yule akahamia kundi la wapinzani wangu. Nao wakawa na wimbo mpya: manju kalima mchanga, kavuna mchanga, leo mkewe apike nini? Ukaimbwa visimani, ukaimbwa machungani. Sokoni muuza dagaa kutoka Lamadi aliniita, "Manju, njoo kwangu! Dagaa zangu nimezipepeta, hazina mali yako!" Na kilabuni yule mpiga ngoma mwenyewe aliwaambia wanywaji, bila haya, "Pamba yake ilikuwa nyepesi kama sauti yake. Nikaiongezea uzito."

Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku ile usingizi ulinihama. Nikifumba macho nausikia mchanga ukimiminika. Nilikwenda kwa daktari, akanipa cheti cha vidonge vya siku chache. Akanionya, "Vikiisha, rudi tuzungumze. Usijiongezee." Vilipoisha sikurudi. Kwa nini nirudi? Miaka ile maduka ya dawa baridi yalikuwa yameota kila kona, na yule niliyemzoea hakuniuliza cheti. Aliniuliza tu, "Mzee, vile vile?" Nami nikajibu, vile vile. Kidonge kikamwita mwenzake, na wawili wale wakawaita jamaa zao.

Wakati huohuo nilikuwa natunga kisasi. Wimbo, ndugu zangu! Sijawahi kutunga wimbo kama ule. Niliutunga nikifuata maksai shambani, kila mfereji ubeti. Mke wangu aliniuliza, "Baba Kulwa, unaongea na nani?" Nikamwambia, "Na mchanga." Ndani ya wimbo ule yule kijana alikuwa uchi, na hapakuwa na jani la kujifunika.

Siku ya mashindano ikafika. Watu walijaa, jua limesimama wima, vumbi hadi kwenye meno. Ili nisitetemeke, nilimeza vidonge asubuhi. Nikasimama katikati ya uwanja, nikaimba mstari wa kwanza. Watu wakasogea karibu. Nikautafuta wa pili.

Haukuwepo.

Ulimi ulikuwa mzito kama ngozi mbichi. Niliangalia midomo ya watu nikidhani labda wao wanao. Ndipo yule mpiga ngoma akanyanyua mikono yake na kupaza sauti, "Mwacheni mzee! Amelala amesimama!" Uwanja ukaangua kicheko. Nikawaona watu wangu wanahama, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, hadi upande wangu akabaki mtu mmoja. Mke wangu. Naye akaanza kuimba ubeti wa pili, kwa sauti yake nyembamba, peke yake. Alikuwa ameukariri kwa kunisikia nikinong'ona shambani. Hakuna aliyegeuka.

Njiani mke wangu hakunibembeleza. Alisema, "Yule alikuibia jina. Wimbo umejiibia wewe mwenyewe."

Hapo ndipo niliporudi kwa daktari. Hakunikemea, lakini alinikataza kuacha kwa siku moja. Tulipunguza kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Nilitoka jasho, nilitetemeka, nilimtukana mke wangu matusi ambayo leo namwomba radhi mbele yenu. Vidonge alivifunga kwenye pindo la kanga yake, akawa ananipa kile alichoandika daktari, basi. Nanyi wa kikundi hiki cha kusaidiana mkaja kupalilia shamba langu kwa zamu bila kuulizwa. Asanteni. Nililala usingizi wangu wa kwanza wa kweli mkiwa mnapalilia. Nilisikia majembe yenu, kisha sikusikia kitu. Na wimbo ukarudi, ubeti baada ya ubeti, wote.

Mwezi uliopita nilimkuta yule kijana mlangoni pa duka lile lile. Macho mekundu. Muuzaji anamwuliza, "Vile vile?" Kijana anajua ninao wimbo, hajui nitaufungulia mdomo msimu gani, na usingizi umemhama. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha nikamshika mkono. "Rudisha hivyo. Twende kwa daktari."

Akalia. "Manju, umenisamehe?"

"Hapana. Nataka siku nitakapouimba uwe macho, usikie kila neno."

Amekuja leo. Msigeuke! Nimesema msigeuke.

Fundisho langu ni hili: kidonge alichokupa daktari kina siku zake, na zikiisha rudi kwake, si dukani. Na mwenye hasira asizilaze kwa dawa, maana zitaamka kabla yake.

Kijana wangu huko nyuma, nasikia juzi umelala vizuri. Endelea hivyo hivyo. Pamba imeanza kupasuka, mavuno yamekaribia.