Mkate wa Wifi

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, binti aliyeolewa juzijuzi alikuwa amepakata, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, mkate wa matunda na jibini laini.

"Nampelekea wifi," alimwambia mama aliyekaa naye. "Anasema jiko silijui."

Mama akauchungulia. "Mbona umebonyea katikati?"

"Ndivyo ulivyo."

"Mwanangu, ulifungua oveni kabla haujaiva?"

"Nilikuwa naupiga picha. Watu wa mtandaoni walitaka kuuona ukiumuka."

"Basi wao wameona mkate, wewe umebaki na shimo."

"Shimo nimelijaza jibini. Na wameusifu, hata wasionijua."

Fundi, ambaye ameziba matobo mengi kwa maua ya kitambaa, aliona hapo binti ana hoja.

"Wewe mwenyewe umeuonja?"

"Nitauonjaje, mama? Nikiukata, wifi atapiga picha ya nini?"

Basi likasimama. Kituoni wifi alikuwa anangoja, simu ameinyanyua, na mashoga zake nyuma yake wamenyanyua zao. Hakuna aliyeonekana kuwa na njaa.