Mama Koroga: Miaka Thelathini na Mitatu Kando ya Mioto ya Watu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, askari wa hifadhi tunayemwita Mama Koroga atarudisha redio yake, filimbi yake na funguo za kambi tatu. Atatia saini kwenye daftari la stoo, na baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi atatoka langoni kama raia wa kawaida. Mtunza stoo ameshatamka kwamba buti hazitaki, abaki nazo. Ukiziona utaelewa.

Kamati ya sherehe imenitwisha mimi kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma mbele yenu. Mimi ni karani wa masjala, kile chumba cha mafaili kilicho nyuma ya ofisi ya mkuu wa hifadhi, na watu huamini kwamba karani anajua kuandika. Isitoshe, nimefanya naye kazi miaka ishirini na saba. Wa umri wetu waliobaki hapa ni yeye, mimi na jenereta, na jenereta siku hizi halieleweki.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, mmoja wa wanawake wawili katika kundi la askari arobaini. Sare walizopewa zilikuwa za wanaume, suruali moja wangeweza kuingia wote wawili. Mwenzake alilalamika kwa barua. Yeye alikopa cherehani ya jirani, akakata, akashona, na kesho yake asubuhi akasimama kwenye gwaride amependeza kuliko mkaguzi. Mwaka wa kwanza aliwekwa lango kuu kuandika wageni kitabuni. Baadaye alikwenda doria, na mwaka wa tano akakabidhiwa kambi tatu za wageni, ambako wengi wenu ndiko mlikomkuta.

Wageni wanaoogopa askari wa hifadhi wangemjua yeye wasingeogopa. Akifika kambini alianza na salamu, na salamu zake hazikuwa za juu juu. Safari ilikuwaje, watoto wamelalaje, mama mkwe goti limepoa? Hapo macho yake yameshakwenda kwenye duara la mawe, yameshahesabu kuni na yameshaona kama ndoo ina maji. Ukimkaribisha chai alikataa kwanza, akaukagua moto, ndipo akakaa na kunywa vikombe viwili. Alituambia sisi kwamba ukinywa chai ya mtu kabla ya kukagua moto wake, chai ndiyo itakayokagua. Naongelea chai ya kikombe. Ile nyingine hakuna aliyewahi kuthubutu kumtajia.

Kuna familia moja ilificha jiko la mkaa uvunguni mwa gari ilipomwona anakuja, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na upepo na mioto yote ilikuwa imepigwa marufuku. Aliona, bila shaka aliona. Akaanza kusalimia, akauliza habari za kazini, za shuleni, za nyumbani kwa wazazi wa pande zote mbili. Alisalimia mpaka gurudumu likaanza kunuka, na baba mwenye familia akakimbia mwenyewe kulichomoa jiko, jasho linamtiririka. Walimaliza siku kwa mkate na ndizi, na mpaka leo wanakuja kila likizo.

Mwingine alikuwa bwana mkubwa mwenye simu mbili. Alikataa kuzima moto aliouwasha nje ya duara, chini ya mti, akasema anampigia mtu ambaye akisikia tu, askari huyu kazi hana. Mama Koroga akamwambia ampigie haraka, na amwombe huyo mtu aje na ndoo, kwa kuwa hiyo moja iliyopo haitatosha. Bwana mkubwa alijikuta anacheka. Akishacheka mtu, umempata.

Kanuni za moto zilizokuwa kurasa mbili za maneno magumu alizifanya sentensi tano, zikaandikwa kwenye ubao wa kila kambi. Kuni haziokotwi hifadhini, njoo nazo. Moto ni mmoja, na ni ndani ya mawe. Ndoo ijae kabla kiberiti hakijawashwa. Moto hauachwi peke yake hata kama ni mdogo. Upepo ukianza, tunazima. Askari wapya zaidi ya sitini wamezikariri mbele yake, na aliyekosea moja alirudia zote huku wenzake wanakula.

Ya sita haimo kwenye ubao, maana anataka kila mgeni aisikie kwa mdomo wake. Asubuhi ya kuondoka unamwaga maji, unakoroga majivu na kijiti mpaka yawe uji, unamwaga tena, halafu unaweka mgongo wa mkono wako juu yake. Mkono wako wewe mgeni, si wa askari. Ukiuondoa kwa sababu ya joto, unarudia. Ndiyo asili ya jina. Alianza akiitwa Dada Koroga, akapanda akawa Mama Koroga, na mwaka jana watoto wa shule wakamwita Bibi Koroga, akanuna mpaka jioni.

Sasa nifike panapouma.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliimaliza wiki tatu zilizopita, tamu kweli kweli. Kuhusu mwaka wake wa nane kazini niliandika kwamba alihamishiwa lango la nyuma kwa sababu za kikazi. Nikampelekea asome. Ilirudi siku hiyo hiyo, safi, bila kosa hata moja lililosahihishwa, ila pembeni mwa mstari ule ameandika kwa kalamu nyekundu maneno matatu: Moto uko wapi?

Moto huu hapa. Ni miaka ishirini na mitano iliyopita, wakati wa kiangazi. Mwalimu mmoja kijana alileta wanafunzi ishirini na wawili kambi ya mtoni kwa siku tatu za masomo. Walifuata kila walichoambiwa. Asubuhi ya kuondoka mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu, tangi la kambi limekauka, na maji yaliyobaki ni ya kunywa njiani. Mama Koroga, ambaye alikuwa na mtoto mdogo nyumbani na alijua kiu ya mtoto ikoje, aliwahurumia. Akawaambia watunze maji yao, wafunike moto kwa udongo. Mwalimu aliuliza kama udongo unatosha. Akamjibu unatosha, nendeni salama.

Haukutosha. Udongo haukuuua ule moto, uliuhifadhi tu. Makaa yalipata mzizi mkavu, yakatembea chini kwa chini siku mbili bila moshi, na siku ya tatu moto ukachomoza ng'ambo ya barabara penye majani yaliyokauka. Uliwaka siku nne. Hakufa mtu, tunashukuru. Lakini kilima kizima kiliungua, pamoja na kituo cha doria na miti ambayo ndege wakubwa walikuwa na makinda juu yake. Tuliokuwapo tulisikia makinda yale, na wengine mpaka leo hatupendi kuyazungumzia.

Fomu ya taarifa ilikuwa na nafasi ya chanzo cha moto na nafasi ya jina la mhusika. Mimi ndiye niliyeijaza. Nilitazama kitabu nani alikuwa wa mwisho kambini, nikaandika: mgeni hakuzima moto wake. Nikaandika jina la mwalimu. Nakala moja ilikuwa iende kwa mwajiri wake, na kwa kosa kama lile mwalimu angefukuzwa.

Mama Koroga aliingia masjala saa sita mchana, bado ana masizi usoni, akaomba kuisoma. Aliisoma wima. Akaniambia niiandike upya, kwamba aliyetoa amri ya udongo ni yeye. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nilimwomba aache. Nilimwambia dada, wewe uko kwenye orodha ya kupandishwa cheo, una mtoto, mume wako seremala hana kazi mwezi wa pili huu. Yule mwalimu hatumjui, atajitetea mwenyewe huko kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Mdogo wangu, yule mwalimu aliniuliza. Aliniuliza kama inatosha, nikamwambia inatosha.”

Akaondoka kurudi kwenye moto, akiamini nitaandika. Sikuandika. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini na nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja, nikajidanganya kwamba akilala akaamka atabadili mawazo. Fomu ya kwanza niliiacha kwenye trei ya barua zinazotoka. Siku mbili. Siku ya pili tarishi aliichukua nakala ya mwajiri pamoja na barua nyingine, na mimi nikamwona akiichukua, nikaendelea kugonga mihuri.

Alipojua, hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alikaa kwenye kiti changu, akaiandika taarifa mpya kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa hifadhi. Lakini kule shuleni barua ilikuwa imeshafika. Mwalimu alisimamishwa kazi wiki sita mpaka mambo yaliponyooka. Wiki sita za kupita mtaani watu wanakunyooshea kidole kwamba ndiye aliyechoma hifadhi, na wanafunzi wako wanajua si kweli lakini hakuna anayewauliza.

Mbele ya kamati ya nidhamu Mama Koroga alieleza kila kitu: udongo, maji, swali la mwalimu na jibu lake. Walimwondoa kwenye orodha ya vyeo, wakampeleka lango la nyuma kuinua na kushusha kizuizi miaka mitatu. Niliingia kikao kile kuandika kumbukumbu, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu mwenyekiti alipouliza kwa nini taarifa sahihi ilichelewa siku mbili. Yeye akajibu kwamba alikuwa anatafuta maneno. Katika miaka yote niliyomjua, huo ndio uongo pekee niliousikia kinywani mwake, na ulikuwa kwa ajili yangu. Niliuandika kwenye kumbukumbu kama ulivyo. Umo kwenye faili mpaka leo.

Kule lango la nyuma, gari moja kwa siku likipita ni sherehe, ndiko alikojifunza moto upya. Alikuwa anawasha vimoto vidogo kwenye sufuria mbovu, anavizima kwa kila namna, anaandika vilipoa baada ya muda gani. Aliporudishwa kambini alikuja na kukoroga kwake na ule mgongo wa mkono. Tangu hapo, katika kambi zake, hakuna moto wa mgeni uliotoka nje ya mawe. Cheo alikipata baadaye sana, kikiwa ngazi moja chini ya alichostahili, na sijawahi kumsikia akikitaja.

Nilimfuata na karatasi yake yenye wino mwekundu, nikamwambia mimi moto wako siwezi kuuandika bila kuuandika wangu. Alicheka. Akasema kwamba kwa hilo niamue mwenyewe, yeye alichoomba ni wa kwake tu. Kisha akaongeza kwamba mgeni wa kwanza aliyemwalika kwenye sherehe hii ni yule mwalimu.

Mwalimu, nakuona hapo mstari wa pili, umekuwa na mvi kama sisi. Miaka yote hii umeamini kwamba barua ile ni makosa ya ofisi, mambo ya karatasi kupishana. Ofisi ni mimi. Niliandika kwamba hukuzima moto, nikaambiwa saa sita mchana kwamba si kweli, na nikaiacha barua iende. Wiki zile sita ni mimi niliyekuchukulia. Naomba unisamehe, na kama huwezi leo, nitakuwa masjala miaka mingine minne, chumba cha mwisho kushoto.

Na wewe dada yangu, hifadhi inakushukuru kwa kambi tatu, kwa askari sitini na zaidi, na kwa wageni wengi waliofika kwao salama bila kujua ni nani aliyewafikisha. Mume wako ametuambia kwamba kitanda kipya ameshakichonga na saa ya kengele ameshaificha. Lala mpaka jua likuamshe. Uwe na afya, uwe na wajukuu wasumbufu, uwe na siku ndefu zisizo na redio. Mimi binafsi nakushukuru kwa siku mbili ulizonibebea miaka ishirini na mitano. Kuanzia leo ni zangu, nazibeba mwenyewe.