Kabati la Makaa Lililokosa Maziwa

Ndugu zangu, mnisamehe nikicheka kabla ya kuanza. Niko na furaha sana. Mwaka jana kwenye mkutano wetu huu nilikuwa nakaa pale nyuma karibu na mlango, nitoke kabla mtu hajaniuliza, "Kabati iko aje?" Leo niulizeni!

Mnanijua kama fundi wa kuchomelea mageti hapa Kitengela. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kichwa hakijawahi kuacha kuota. Siku moja nilienda kuweka geti kwa boma fulani upande wa Kajiado. Nikaona mama mmoja akirudi kutoka barabarani na maziwa yake ya jana jioni. Mnunuzi wa mjini ameyakataa, ati yameanza kuchacha kwa joto. Watoto wakanywa mpaka wakachoka, yaliyobaki akapewa mbwa. Nawaambia, nilibeba uso wa yule mama mpaka nyumbani.

Nikawaza kabati: kuta za waya mbili mbili, katikati makaa. Unayamwagia maji, upepo wa huko unakuwa friji yako. Ndani mtungi mmoja mkubwa wa chuma, wa akina mama wote. Na kabla ya kuunda, nilifanya utafiti. Msicheke! Nilipita boma kwa boma nikiuliza, "Mama, nikileta utaweka maziwa?" Kila mmoja ananipa chai, ananiambia, "Ee, lete, mwanangu." Hakuna aliyekataa, hata mmoja.

Nilipomaliza kuunda, nikauza mashine ya kuchomelea, ile mama yangu alininunulia kwa mbuzi wake, ndio ninunue mtungi na kulipia lori.

Kabati likasimama huko Kajiado. Maziwa hakuna. Akina mama wanapita, wananisalimu Kimaasai, "Sopa, kijana wa makaa!" Nami namwitikia mama, "Ipa, yeyo! Maziwa je?" "Kesho, Mungu akipenda." Hiyo kesho haikufika. Nikaenda kubeba mawe kwa mjengo. Mama yangu hakuniuliza mashine iko wapi. Jameni, afadhali angeniuliza.

Sasa sikieni. Akaja dada mmoja wa chuo, anatafiti biashara mpya za vijana. Akanipa maswali ya kuweka alama, nikaweka: biashara imekufa. Nikasimama niende.

"Ngoja," akasema. "Hii inaniambia imekufa. Haijaniambia imeuliwa na nini. Twende tukae na akina mama."

"Si nilishawauliza wote!"

"Ukiwa na kikombe chao mkononi?"

Nikakumbuka zile chai zote.

Tukaenda. Hatukutaja kabati. Tulishinda huko, nikajaribu kukamua, ng'ombe akanipiga teke watu wakafurahi. Kisha yule mama aliyempa mbwa maziwa akachukua kijiti chenye kaa la moto, akasugua ndani ya kibuyu mpaka kikanukia moshi. Dada akauliza taratibu, "Na maziwa yako yakichanganywa na ya jirani?"

Mama akacheka akashika magoti. "Nichanganye? Watu wa mjini wananijua kwa moshi wangu! Na unajua vile huyo jirani anaosha kibuyu?"

Nikasema, "Yeyo, mbona hukuniambia?"

"Mgeni anakunywa chai yangu, nimwambie hapana? Na vile ulikuwa umefurahi!"

Ndugu zangu, niliruka! Kumbe kabati halikuwa na makosa, ni ule mtungi! Tukautoa, tukaweka rafu. Kila mama akaleta chombo chake, akakifunga shanga zake kama alama. Jioni ya kwanza rafu ya juu ikajaa. Wiki haikuisha, wakaanza kugombania nafasi! Dada naye akapima joto, akahesabu maziwa yanayorudishwa, na sasa hesabu zake na maneno ya akina mama yakasema kitu kimoja: kabati linafanya kazi.

Asante kwa dada huyo. Asante kwa fundi aliyekaa hapa katikati yenu, aliyeniazima mashine nichomelee rafu. Asante kwa akina mama. Na mama yangu, aliyekuja Jumamosi, akaingiza mkono ndani ya kabati, akautoa, akaushika shavuni: "Kumbe ni baridi ya kweli." Mashine nyingine tumeshainunua, mama. Iko nyumbani.

Wenye ndoto, hesabuni, ni vizuri. Halafu wekeni kikombe chini, mkae, muone watu wakifanya kazi yao. Na chai ikija sasa hivi, nikiwauliza kama nimeongea vizuri, tafadhali, jibuni kabla hamjakunywa.