Mpimaji Aliyeogopa Neno "Hawezi"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Alikuwa mwoga wa kutupwa. Mdogo wake, fundi cherehani anayewasomea maneno haya, ndiye aliyetumwa kila siku kukagua uvungu wa kitanda ili dada mtu apate usingizi. Mama alipomtania, alijitetea kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa ndiko huenda kilio. Leo methali hiyo imetukosea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, akamaliza sekondari 1985, na kuhitimu ualimu 1988. Tarehe 14 Aprili 1990 aliolewa na mchomeleaji vyuma, mtu mpole wa maneno machache, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2003 alipewa kazi ya kuwapima wanafunzi wenye ulemavu: nani anaweza kutumia kompyuta, kwa kifaa gani na kwa msaada kiasi gani. Mwaka huo huo alimwandikia msichana wa kiti cha magurudumu "hawezi", mtoto akarudishwa nyumbani. Miezi mitatu baadaye akagundua kwamba meza ilikuwa juu mno, viwiko vya mtoto vikining'inia. Jamani, alilia! Akamfuata kwao, akamwomba radhi, akampima upya, na binti akaandika ukurasa mzima. Tangu hapo neno lile lilimtisha kuliko giza. Mumewe alimchomelea meza ya kupanda na kushuka. Marehemu naye akawa hakati tamaa: kidole cha mtoto kikigoma kubonyeza atajaribu kidevu, kidevu kikigoma atajaribu unyayo, hadi wenzake ofisini wanapiga miayo.

"Kabla hujasema mtoto hawezi," aliwaambia walimu wapya, "jiulize wewe umeshindwa wapi."

Tarehe 2 Juni 2024 alipatwa na kiharusi. Daktari alisema huenda haelewi lolote. Nasi, watu wa nyumba ya mpimaji, tukakubali bila kupima. Siku nne tulikaa kando ya kitanda chake tukijadili kaburi, jeneza na gauni la kumzikia.

Siku ya tano mdogo wake aliona kidole gumba cha kushoto kikitikisika kila kaburi lilipotajwa. Alikimbilia kabati la kazi la dada yake, akaleta kitufe kimoja na tableti inayopitisha herufi moja moja hadi mtu abonyeze aitakayo, akakiweka kitufe chini ya kidole. Aliomba kimoyomoyo dada asiweze, maana kama anaelewa, basi amesikia yote.

Ilichukua saa nzima. Ikatoka: "Nimewasikia."

Mumewe akatoka nje. Kidole kikaendelea: "Naogopa. Msiniache."

"Nami naogopa, dada," mdogo wake alijibu. "Siondoki."

Hakuondoka. Kwa majuma mawili marehemu aliulizia wanafunzi wake, akawatania wauguzi, akalikataa lile gauni tulilomchagulia. Alifariki tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake, na wanafunzi wasiohesabika. Apumzike kwa amani. Nanyi mkipita kumuaga, tafadhali chungeni maneno yenu. Sisi hatuthubutu tena kusema kwamba hasikii.