Verdiana Kemilembe, Mama Aliyesemewa

Verdiana Kemilembe Byabato alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika kijiji cha Kaagya, Bukoba Vijijini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kamugisha na Mama Evodia, ambao wote wametangulia. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Consolata, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Wanawe walikuwa wameandaa mwingine, wenye maneno kwamba mama yao "alitunzwa kama malkia". Marehemu alisomewa akiwa kitandani, akausikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Conso, andika wewe. Hawa wameandika habari zao."

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kaagya, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Waliosoma naye watakumbuka siku ambayo darasa zima lilipewa adhabu ya kulima shamba la shule. Verdiana alimaliza sehemu yake, akamalizia ya jirani yake aliyekuwa mgonjwa, halafu akamuuliza mwalimu mbele ya watu kwa nini bustani ya nyumba yake ilikuwa na magugu. Aliongezewa mistari mitatu, akailima huku akiimba.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Julius Byabato, fundi seremala wa Kamachumu, Muleba. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kamala, Mujuni na Annastella. Julius alifariki mwaka 2009, na tangu mwaka huo Verdiana alikitunza kibanja hiki peke yake. Migomba mnayoiona hapa, kuanzia barabarani mpaka kwenye kaburi hili, aliipalilia, akaipunguzia majani na kuiwekea samadi kwa mikono yake. Kamala, aliyejenga Kahororo, mjini Bukoba, alimletea wasichana wa kazi wanne kwa nyakati tofauti. Wote waliondoka wakiwa wamejifunza kulima, kwa kuwa alikuwa akiwaamsha waende naye shambani. Kwa watu wa mjini Kamala alikuwa akisema, "Mama yangu hagusi jembe." Verdiana alipofikishiwa maneno hayo alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mwanawe ana viatu vinavyong'aa sana lakini hajui mama yake anaamka saa ngapi.

Mwaka 2023 alipanda miche arobaini ya kahawa. Aliambiwa itazaa baada ya miaka mitatu. Alisema ataisubiri.

Kikohozi kilimwanza Februari 2024. Alitibiwa kifua kikuu kwa miezi kadhaa bila nafuu, na mwezi Agosti vipimo vilivyofanyika Mwanza vikaonyesha saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wapo waliokuja kumpa pole huku wakinong'ona kwamba huenda alikuwa akivuta sigara kwa siri. Baadhi yao wamekaa hapa. Marehemu hakuwahi kuvuta sigara, na aliagiza waambiwe kwamba maneno yao yalimfikia mpaka kitandani pake.

Daktari alimweleza kwamba kulikuwa na utafiti wa dawa mpya kwa wagonjwa wa aina yake. Hakumwahidi kupona. Alisema dawa ile ingeweza kumwongezea muda, au isimsaidie kabisa. Verdiana alijibu, "Nimepanda maharage maisha yangu yote bila kuahidiwa mvua. Niandikeni." Alitaka kuichuma kahawa yake walau msimu mmoja. Hicho tu ndicho alichokitaka, na alikisema wazi kwa kila mmoja wetu.

Tarehe 3 Septemba 2024 alipelekwa Mwanza kupimwa kama anafaa kuingizwa kwenye utafiti huo. Siku aliyoondoka nyumbani aliamka mapema, akakata nyasi mbichi na kuzitandaza sebuleni, ili wageni wakija wakute nyumba inanukia. Safari hiyo alisindikizwa na Kamala na Mujuni. Walipofika kwenye geti la hospitali, Kamala alikwenda kutafuta kiti cha magurudumu. Verdiana akamuuliza ni cha nani. Kamala akajibu kwamba mama wa watu kama wao hawezi kutembezwa kwenye korido ndefu na watu wakitazama.

Nesi aliyewapokea, Adventina, alisoma masharti moja baada ya jingine. Ugonjwa uwe umesambaa, na ulikuwa umesambaa. Kifua kikuu kisiwepo, na hakikuwepo. Figo, ini na damu viwe sawa, navyo vilikuwa sawa. Mgonjwa awe hajaanza dawa nyingine ya saratani, na aelewe na akubali mwenyewe. Verdiana alikuwa ameshika kalamu. Likabaki sharti moja: awe anaweza kutembea na kufanya kazi ndogo ndogo za nyumbani bila msaada, kwa kuwa dawa ni kali na mtu wa kulala kitandani ingeweza kumuumiza. Lilikuwa sharti la haki.

"Mama, nyumbani unafanya kazi gani?" nesi akauliza.

Kamala akawahi kujibu. "Sista, mama hafanyi kazi yoyote. Hata maji ya kuoga anapelekewa. Sisi si watu wa kumwachia mzazi ahangaike."

"Namuuliza mama."

"Nalima," akasema Verdiana. "Jana nimekata nyasi."

Kamala akacheka kwa upole, kama mtu anayemwombea mwenzake radhi. "Ni mzee, Sista. Anaongelea zamani." Mujuni, ambaye hajapata kumpinga kaka yake tangu azaliwe, akatikisa kichwa kukubali. Verdiana akamwambia Kamala kwa Kihaya afunge mdomo. Nesi hakuelewa Kihaya. Alichokiona ni mama kwenye kiti cha magurudumu na watoto wawili waliovaa suti, akaandika alichoambiwa.

Kwa heshima hiyo, Verdiana akaachwa nje ya utafiti. Hakuachwa na ugonjwa wala na damu yake. Aliachwa na mtoto aliyeona aibu kusema kwamba mama yake ana jembe.

Hata hivyo daktari alikuwa muungwana. Alisema arudishwe baada ya wiki mbili, atembee mwenyewe, na aje na mtu anayeishi naye. Annastella, aliyekuwa akiishi naye tangu augue, alikuwa tayari kuondoka siku ileile wiki mbili zitakapotimia. Lakini Kamala ndiye mrithi wa baba, naye akataka kikao cha ukoo, maana mama kurudishwa "akajaribiwe miguu" ni dharau kwa nyumba nzima. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu Kamala alikuwa na harusi ya rafiki yake huko Bakoba, mjini. Cha pili kikaahirishwa kwa sababu Kamala alichelewa. Muda wote huo Verdiana alikuwa akizunguka kibanja kila asubuhi, akihesabu hatua zake kwa sauti, akifanya mazoezi ya korido. Na mdogo wake, huyu anayewasomea, alikaa kwenye vikao vyote akiwa amekunja mikono, akisubiri wanaume wamalize. Dharau yote iliyomo humu na yeye anastahili fungu lake.

Waliporuhusu, zilikuwa zimepita wiki sita. Verdiana hakuweza kupanda ngazi za basi. Mwanza alifika akiwa amebebwa, na safari hii kiti cha magurudumu kilikuwa cha lazima. Nesi Adventina alimkumbuka, akainama, akamuuliza swali lilelile. Kamala alikuwa akiangalia viatu vyake.

Verdiana akasema, "Sasa andika alivyosema mwanangu."

Alirudi nyumbani na dawa za maumivu. Alilala chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi upande wa miche. Hata alipokuwa hawezi tena kuketi, aliomba ungo uwekwe tumboni pake, akachambua maharage ya mbegu. Ijumaa tarehe 17 Januari 2025 alimaliza debe la mwisho. Jumapili tarehe 19, saa nne asubuhi, kengele ya misa ya pili ikilia, alifariki mikononi mwa Annastella.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, na miche arobaini ya kahawa inayohitaji kupaliliwa wiki hii. Majembe yapo nyuma ya jiko. Kamala, la kwako lina mpini mpya, mama yako alilichongea mwenyewe mwezi Agosti.

Leo, Jumatano tarehe 22 Januari 2025, ndiyo siku ya kwanza Verdiana Kemilembe hafanyi kazi yoyote. Bwana amjalie pumziko lake kwa amani.