Figo ya Dada Mbele ya Mabingwa wa Benchi

Kando ya duka la vipuri, pale ukuta ulipong'azwa na migongo ya watu, pana benchi lililotibu maradhi yote ya dunia na halijawahi kuponya hata mafua. Jioni hiyo mgonjwa alikuwa Cherehani, fundi nguo, ameketi katikati ya mabingwa wa benchi hilo, kahawa ikipoa mkononi mwake. Figo zake zimechoka. Dada yake amekubali kumpa moja. Kesho daktari anataka jibu: aingie kwenye majaribio ya tiba mpya, au asiingie? Wangemtoa damu, wachague zile chembe za kinga zinazotuliza ugomvi, wazizalishe maabara, kisha wamrudishie baada ya upasuaji, ziwapoze wenzao wasiishambulie figo ngeni. Huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Cherehani alikuja kutafuta ushauri. Masikini, akaupata.

— Chembe zikalelewe maabara? akaanza Gia, dereva wa lori. Zitarudi zimedeka, bwana! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Daktari anasema... Cherehani akajaribu.

— Daktari mwache, akadakia Mzee Kanuni, mwalimu mstaafu. Hapa ni suala la nidhamu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Figo ikifika, siku mbili ipumzike kwanza.

— Mzee, ikipumzika hizo mbili, mimi nitakuwa wapi?

— Usikatize mada, kijana.

Spika, muuza redio, hakuwahi kusema neno ambalo ng'ambo ya barabara hawakulisikia.

— Mnalinda figo, mnasahau mlango! Askari ukiwafundisha kupenda wageni, malaria itaingia na godoro lake!

— Tena hiyo ni figo ya mke wa mtu, Gia akaongeza. Itamtii shemeji. Shemeji akinywa chai kule, huyu huku anakimbilia chooni!

— Damu nzito kuliko maji, Mzee Kanuni akatoa hukumu, na kesi ya chai ikafungwa.

Cherehani alicheka nao, maana usipocheka kijiweni, utachekwa. Lakini mkono wake ulikuwa ubavuni, ukipapasa mahali ambapo dada angepasuliwa.

Ndipo dada mwenyewe akatokea, anatoka kazini kwa dobi, mikono ingali inanukia sabuni.

— Tunamshauri mdogo wako, Spika akamtangazia.

— Vizuri. Kwani anaogopa nini?

Spika akamtazama Gia. Gia akachunguza soli ya kiatu chake. Mzee Kanuni akafungua kinywa kutafuta methali, akakifunga bila kuipata.

— Naogopa upasuliwe bure, dada, Cherehani akasema. Nikupokee, halafu mwili wangu ukutupe.

Dada akamchukulia kikombe mkononi, akakiweka chini.

— Hata mimi naogopa hilo hilo, mdogo wangu. Inuka. Twende nyumbani tuogope wawili, kesho tukamjibu daktari.

Wakaondoka. Benchi likabaki na ushauri tele, na wa kumpa hayupo.